Samaki wa Makombe Sebuleni

Tangi lenyewe lilitengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine. Mume wangu ni fundi wa vioo na aluminiamu, ana kibanda chake jirani na soko, na mwaka ule mwenye nyumba moja ya wageni alimwagiza tangi la samaki la kuweka mapokezi. Lilipokamilika mteja akabadili mawazo, akanunua televisheni. Tangi likabaki kibandani, urefu wa mita moja, silikoni imekauka vizuri, ndani limejaa bawaba na vipande vya mpira wa madirisha. Nililipita siku nyingi bila kulitazama. Nililiona siku nilipochoka kumwona baba yangu akitazama ukuta.

Baba alipandishwa kwetu Sumbawanga mwezi wa nne, amelazwa kiti cha nyuma cha gari la kukodi, upande wake wa kushoto umelegea wote. Kiharusi kilimpata nyumbani kwake Kabwe, kando ya Ziwa Tanganyika, akiwa anatawadha. Mdogo wangu wa kiume, anayeishi naye kule na kuendesha shughuli za uvuvi alizoziacha baba, ndiye aliyemleta hadi hospitali ya mkoa. Alilazwa wiki mbili. Alipotoka akaambiwa ahudhurie mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki. Kabwe hakuna mtu wa mazoezi, na barabara ya kupitia Namanyere wakati wa mvua haisemeki. Nyumba yangu iko robo saa kwa mguu kutoka hospitalini. Kwa upande wangu jambo lilikwisha pale pale: baba atakaa kwangu, na si kwa miezi michache, atakaa moja kwa moja.

Niseme kidogo mimi ni mtu wa namna gani. Nafundisha sayansi shule ya msingi, darasa la tano na la sita, na kalamu nyekundu ninarudi nayo hadi nyumbani. Nikiamua jambo, limeamuliwa. Mume wangu huwaambia rafiki zake kwamba hakuoa mke, alipata mwalimu mkuu. Kwa hiyo haikunijia kabisa kwamba baba naye angekuwa na maoni.

Alikuwa nayo. Kwetu mzee mwanamume hakai kwa mkwe. Atakuja kusalimia, atalala siku mbili, siku ya tatu ataulizia usafiri, maana akizidisha hapo anaonekana mtu asiye na kwake. Sasa huyu amemaliza wiki, amemaliza mwezi, na hata vifungo vya shati hawezi kujifungia. Alikataa kukalia makochi. Alijichagulia kiti cha plastiki kwenye kona ya sebule na kukigeuzia ukutani. Chakula alikula chumbani kwake. Kwenda msalani alisubiri hadi mume wangu atoke. Mume wangu naye, kwa heshima, akawa anakohoa mlangoni kabla ya kuingia kwenye sebule yake mwenyewe. Nyumba nzima ikawa inapiga hodi.

Hospitalini walisema mguu umeanza kurudi. Uchangamfu haukurudi. Nikimuuliza anataka nini, jibu lilikuwa lile lile: "Nirudishe ziwani, mama." Ananiita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake, na neno hilo likitoka kwa mtu anayeomba linachoma. Mimi nilimjibu kama ninavyomjibu mwanafunzi anayetaka kutoka kabla ya kengele. Halafu nikajiambia, kama shida ni ziwa, basi kipande cha ziwa kije kwake.

Kule Kabwe wapo samaki wadogo wasiozidi kidole cha mwisho, rangi yao ya mchanga, wana mng'ao wa bluu chini ya jicho. Wanaishi ndani ya makombe matupu ya konokono yaliyolala chini ya ziwa. Kila jozi ina kombe lake. Humo wanajificha, humo wanalala, humo jike anataga. Hawauzwi, hawaliwi, hata jina la maana hawana. Tunawaita samaki wa makombe. Utotoni, nyavu za kukokota zilipoleta makombe ufukweni, tulikuwa tunayatikisa juu ya beseni ili wachomoze. Nilipompigia mdogo wangu simu kumwagiza, alicheka hadi akapaliwa.

"Dada, hao hata paka wangu hawataki."

"Sijakuagiza wa paka. Niletee sita, wazima, na makombe yao."

Mume wangu alimwaga bawaba zake kwenye ndoo, akalisugua tangi, akalichomelea meza ya chuma. Hita na pampu ya hewa niliagiza Dar es Salaam, vikaja kwa basi vimefungwa ndani ya khanga. Mchanga niliuosha mara saba.

Maji sasa. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo ni mtu wa Ufipa tu anayeweza kulifanya kwa roho safi. Sisi wa huku juu, nami nimeshahesabika wa huku, tunajivunia maji yetu. Yanatoka vilimani, ni baridi, ni mepesi, sabuni kidogo tu inatoa povu la kufulia mashuka. Mgeni akija tunampa maji kabla hajauliza. Basi mimi nikaenda kuteka chemchemini kabisa, si bombani. Na kwa kuwa nyumbani kwangu hakuna anayekunywa maji bila kuchemshwa, nikayachemsha sufuria kwa sufuria, nikayapoza, nikayachuja kwa kitambaa cheupe. Samaki wa ziwani sijui kama wamewahi kuheshimiwa namna ile.

Waliletwa na dereva wa lori la dagaa, kwenye ndoo yenye mfuniko uliotobolewa. Nikawamwaga mle kwa fahari. Siku ya pili wawili walikuwa wamelala ubavu. Siku ya nne waliobaki walikuwa wawili, nao wanahema juu juu.

Baba aligeuza kiti. Ilikuwa mara ya kwanza kukigeuza. Akauliza maji nimeyatoa wapi, nikamweleza yote, chemchemi, sufuria, kitambaa. Akachovya kidole cha mkono wa kulia, akaonja, akatikisa kichwa.

"Umewapikia chai bila majani," akasema. "Maji haya ni matupu, mama. Ziwani maji yana kitu. Hujaona sufuria za kule zinavyoota ukoko mweupe?"

Kisha akacheka. Mdomo ulikwenda upande mmoja, lakini kilikuwa kicheko. Mimi mwalimu wa sayansi, mwenye kufundisha watoto kwamba kila kiumbe na mazingira yake, nilisimama pale na sufuria yangu. Niliona aibu, na nilifurahi kuliko nilivyoona aibu.

Tangu siku ile baba akawa bwana maji. Lile lori la dagaa lilituletea madumu manane ya maji ya ziwa pamoja na samaki wengine wanne. Kwa maji ya kuongezea, alinifundisha kutwanga makombe yaliyovunjika na kuyafunga kwenye soksi mbele ya mkondo wa pampu, kisha kutia magadi kidogo sana, yale yale ninayotilia maharage. Alionja kila dumu. Aliweza kukataa mara tatu. Akisema "hapo", ni hapo. Samaki wote sita wakatulia, wakaanza kuchimba mchanga kwa midomo, wanaubeba na kuutema pembeni, kila mmoja akizika kombe lake hadi libaki limetokeza mlango tu.

Jioni moja ya mwezi wa sita nilirudia wimbo wangu: baba, kaa hapa, hospitali iko karibu, mimi nipo, kule utaanguka tena na hakuna gari. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Kisha akanyoosha mkono kwenye tangi.

"Tuwekeane ahadi," akasema. "Hao nao wametolewa ziwani hawajaulizwa. Wakizaa hapa kwenye baridi yenu, nami nakaa, sitakusumbua tena. Wasipozaa mpaka mvua ya kwanza ya kupandia, unanirudisha kwangu."

"Na wakizaa hutageuka?"

"Nimewahi kukugeuka? Na mlinzi ni mimi, maana ninayeshinda nao ni mimi. Wewe ukirudi shule utaniuliza, nami nitakwambia."

Nilikubali haraka, kama mtu aliyeshaona majibu ya mtihani. Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba samaki hao wakipata maji yao na joto lao wanazaa bila kubembelezwa. Mvua ya kupandia ilikuwa miezi mitano mbele. Nilikwenda kulala nikiwa na hakika kwamba baba ni wangu.

Mwezi wa saba Sumbawanga ilitukumbusha iko wapi. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe, watoto shuleni waliandika na soksi mikononi. Siku moja umeme ulikatika asubuhi, haukurudi hadi alasiri, na hita ikawa kijiti tu ndani ya maji. Nilirudi mbio wakati wa mapumziko nikakuta mambo yameshafanyika. Tangi lilikuwa limefunikwa blanketi, na ndani zilielea chupa mbili za plastiki zilizojaa maji ya moto. Blanketi lilikuwa la baba mwenyewe. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake na koti la mume wangu mabegani, na aliyemvika ni mume wangu, aliyekuja kuchemsha maji kwa gesi. Wakwe wawili ambao miezi mitatu hawakuwahi kukaa chumba kimoja. Walikuwa wanabishana kuhusu chupa ya tatu.

Ila watoto hawakuonekana. Wa saba ukaisha, wa nane ukaingia, na kila jioni nikiuliza jibu lilikuwa moja: "Bado."

Sababu nilikuwa mimi. Kila Jumamosi nilifanya usafi, na sijui kufanya usafi nusu. Nilitoa makombe yote, nikayasugua kwa mswaki, nikayachagua kama tunavyochagua maharage ya mbegu: makubwa huku, madogo huku, yenye ufa nje. Kisha nikayapanga mstari juu ya mchanga, midomo yote imeelekea kiti cha baba ili aone vizuri. Samaki walikuwa wanahangaika siku nzima wakitafuta kwao. Wakimaliza kuchimba na kuzika upya, Jumamosi nyingine imefika. Baba alinitazama kila wiki nikifanya hivyo. "Umepanga vizuri," alikuwa anasema. Hakuongeza neno, na mimi nilijisikia vizuri kusifiwa.

Aliyeniambia ukweli ni mume wangu, tukiwa jikoni wawili.

"Hivi wewe ungekuwa unahamishwa nyumba kila Jumamosi, mume amewekwa chumba hiki, kitanda kile, ungezaa?"

Nilikasirika, maana alikuwa sahihi. Nikarudi sebuleni na kumuuliza baba kama alilijua hilo.

"Mwalimu ni wewe," akasema.

Basi nikaacha. Makombe yakakaa shaghalabaghala kama yalivyotaka yenyewe, mchanga ukawa vilima na mashimo, na mimi nikajifunza kupita bila kugusa, jambo lililonigharimu kuliko baridi. Dume mmoja mwenye mkia uliochanika akachukua kombe kubwa la pembeni pamoja na jike wake. Ukisogeza kidole kwenye kioo anakuja kukipiga kwa pua, yeye mwenye ukubwa wa ganda la njegere. Mwezi wa tisa kukawa na joto. Nilijua sasa ni siku tu.

Mwezi huo baba alianza kuchangamka, na mimi nikajipongeza. Alitembea na fimbo hadi getini, kisha hadi kwenye duka la kona. Alianza kula sebuleni. Mume wangu akirudi mapema walikaa pamoja mbele ya tangi, hawasemi sana, ila wamekaa. Baba alisema kulisha samaki kazi yake, mimi nisiiname, mgongo wangu ni wa kusimamia ubao. Akaniomba kile kinu kidogo cha kutwangia tangawizi. Dagaa wa kulishia tulikuwa tunawavunja kwa vidole tu. Sasa akawa anawatwanga hadi unga, na unga wenyewe anauchekecha kwa kipande cha chachi kutoka hospitalini.

"Mbona laini hivyo?" nilimuuliza.

"Hawa nao wanazeeka. Meno yanawaishia."

Nikacheka. Siku nyingine nikakuta ametundika khanga yangu kuukuu upande wa tangi wenye lile kombe kubwa. Alisema jua la asubuhi linaotesha ukijani kwenye kioo, na ni kweli linaotesha. Kiti chake alikisogeza upande huo huo. Mimi jioni niliingia na madaftari, nikasalimia, shikamoo baba, marahaba mama, nikauliza vipi wazazi wetu.

"Bado."

"Bado tu?"

"Bado, mama. Baridi yenu hii."

Nilianza kuogopa. Mwisho wa mwezi wa kumi mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa Mwimbi kila alasiri, watu wameshasafisha mashamba, maduka ya pembejeo yamejaa. Nilianza hata kufikiria wizi. Nilifikiri kumwagiza mdogo wangu anitumie vifaranga vya samaki kutoka Kabwe nivitie kwenye tangi baba akiwa kliniki. Nasema hili bila kujisifu. Nilishika simu mara mbili. Kilichonizuia si uadilifu, ni kwamba mdogo wangu hawezi kutunza siri.

Siku moja mitihani ya majaribio iliisha mapema, nikarudi nyumbani saa sita mchana. Hakukuwa na mtu. Ilikuwa siku ya mazoezi, baba alikuwa amepelekwa hospitalini na mume wangu kwa bajaji. Nilivua viatu, nikaketi kwenye kiti cha plastiki cha baba ili nione anachokiona yeye, nikaifunua khanga.

Kwanza niliona chembe za mchanga zinatembea. Nikasogea. Zilikuwa na macho. Kwenye mdomo wa lile kombe kubwa walikuwa wametanda samaki wadogo wa kukaribia kutoonekana, kama kumi na kitu, wananyanyuka na kushuka pamoja, na jike amesimama juu yao. Nilipiga makofi peke yangu sebuleni. Nimeshinda, nikasema kwa sauti, nimeshinda!

Kisha nikaona wengine. Nyuma ya kombe, kwenye kivuli cha khanga, walikuwepo wakubwa zaidi, urefu wa punje ya mpunga, wameshaanza kupata ule mng'ao wa bluu. Nikahesabu hadi kumi na wanne nikaacha. Hawa hawakuzaliwa wiki hii wala iliyopita. Hawa walikuwa wa mwezi wa tisa. Hao niliowaona kwanza walikuwa uzao wa pili.

Nimefundisha miaka mingi, mtu anayenakili mtihani namjua kwa namna anavyoweka mkono. Khanga. Kiti kilichosogezwa. Wiki sita za bado. Hasira ilinipanda hadi masikioni. Nilimwona amenidanganya mchana kweupe, ndani ya nyumba yangu, na kunitazama usoni. Nikawa napanga maneno nitakayomwambia akiingia tu, na ahadi ni ahadi, na atakaa, apende asipende.

Kinu kilikuwa mezani, na kile kipande cha chachi juu yake kimekunjwa vizuri. Nilikichukua. Kilikuwa bado na vumbi la dagaa, laini kuliko unga wa kupaka mtoto.

Hapo hasira iliniishia ghafla, nikabaki na kile kitambaa. Samaki wa umri ule wanakufa kwa jambo dogo. Asingewalisha siku tatu, wasingekuwepo. Angefunua mfuniko siku ya baridi, au angeniambia tu nirudie mswaki wangu, kwisha habari, na hakuna ambaye angejua. Mvua ingenyesha naye angerudi kwao kwa haki. Badala yake mzee mwenye mkono mmoja alikaa kila asubuhi anatwanga, anachekecha, anawalisha wale wale waliokuwa wanamnyima njia ya kurudi nyumbani. Hakuweza kuwaua na hakuweza kukaa. Uongo ndio uliokuwa umebaki katikati.

Nililia. Sikulia kidogo. Miezi saba aliniomba kwa maneno nami nilikuwa nasahihisha. Kisha niliosha uso, nikarudisha khanga kama ilivyokuwa, na kiti kama kilivyokuwa.

Kesho yake, kabla ya kipindi cha kwanza, nilikwenda hospitalini kumwona mtaalamu wa mazoezi. Nilimuuliza swali ambalo tangu mwezi wa nne sikutaka kuliuliza kwa sababu sikutaka jibu lake. Akasema mzee amefika mahali pazuri. Mazoezi yaliyobaki anaweza kufanya popote mradi kuna mtu wa kumsimamia, vidonge vya presha asiruke hata siku moja, na aje kuonwa kila baada ya miezi mitatu. Aliniandikia karatasi mbili. Ilichukua dakika kumi.

Usiku nilimwambia mume wangu nilichokiona nyuma ya khanga. Alitazama dari.

"Ulikuwa unajua," nikasema.

"Aliniomba nisiseme. Mkwe wangu ananiomba jambo, mara ya kwanza tangu nikuoe, ningemkatalia vipi?"

Nilimgeuzia mgongo kwa muda wa kutosha, kisha nikamwambia atafute gari lenye kiti kizuri cha mbele.

Mvua ya kwanza ya kupandia ilinyesha Alhamisi, nikiwa darasani. Ilipiga bati hadi ikabidi niache kufundisha. Niliporudi baba alikuwa amekaa sebuleni amevaa kofia yake ya Ijumaa, na mkoba wake mdogo uko miguuni. Nilimsalimia. Nikauliza kama kila siku.

"Vipi wazazi wetu?"

Alinitazama muda mrefu kuliko kawaida. Nadhani kama ningesema neno lolote pale, angesema kweli.

"Bado, mama."

"Basi Jumamosi nakupeleka," nikasema. "Ahadi ni ahadi."

Jicho la kushoto lilikuwa linatoka machozi siku zote tangu augue, kwa hiyo sikuweza kujua kama analia.

Tulikwenda mimi, yeye na mume wangu. Alikaa mbele. Barabara inapoanza kuteremka na joto la ziwa linapoanza kuingia dirishani, alivua koti, kisha sweta, akavikunja mapajani kwa mkono mmoja. Kabwe mdogo wangu na mkewe walikuwa wametengeneza vishikio vya mbao kutoka chumbani hadi msalani na hadi barazani. Wifi yangu huyo nilimfundisha mazoezi yote kwenye zile karatasi mbili, mara tatu, hadi akaniambia, "Wifi, nimeelewa." Baba alikwenda peke yake hadi kwenye kiti chake barazani. Akakikalia kikiwa kimeelekea nje. Wapita njia wakaanza kumsalimia, naye akaanza kuwauliza habari za nyavu, na sikuona tena sababu ya mimi kusimama pale.

Ni mwaka na zaidi sasa. Anakuja Sumbawanga kuonwa kila miezi mitatu, analala siku mbili, siku ya tatu anaulizia usafiri. Akija, khanga ninaitundika mahali pake. Mume wangu ametengeneza tangi la pili, liko ofisini kwa walimu, na la tatu liko njiani, maana wamekuwa wengi hata sihesabu. Yule dume mwenye mkia uliochanika bado analinda kombe lake.

Ijumaa baada ya swala baba hunipigia simu. Ananiuliza watoto wa shule, anamuuliza mkwe wake, anauliza mvua. Swali la mwisho huwa lile lile, na wiki iliyopita aliliuliza nikiwa nimesimama mbele ya tangi.

"Na wale, mama? Wameshazaa?"

Kioo kizima kilikuwa kimejaa vitu vidogo vinavyotembea.

"Bado, baba."

Nilisikia watu wanaongea kwenye baraza lake.

"Haya," akasema. "Lakini dagaa uwasagie laini."